Uzito Juu ya Spoila

Mustafa, fundi wa gereji kule Shangani, alikuwa na ugonjwa mmoja: gari la mteja halirudi chafu. Ndiyo maana jioni ile, kabla ya kutoka kulijaribu lile gari la mbio la milango miwili la dada Ilda, alilipiga maji lote. Hata spoila, ingawa Ilda alimwambia kwa sauti ya chini, "Nyuma pale pana unga, fundi. Usipaguse."

Unga wa mtama! Juu ya bawa la gari! Mustafa alicheka, akausugua mpaka ukaisha.

Mkewe, Mwasiti, akapanda kushoto. Alikuwa anakwenda Mahurunga kumwona mama yake.

"Baba Asadi, taratibu."

"Hili ukilikimbiza ndiyo linatulia," akajigamba. "Upepo unaikandamiza spoila, matairi yanashika lami. Ukipunguza mwendo linakuwa jepesi tena."

Na kweli, lilikata kona kama limeshonwa barabarani. Raha iliyoje! Mustafa akapunguza mwendo.

Halikuwa jepesi.

Akapunguza zaidi... Nyuma kukazidi kudidimia. Matairi yakaanza kukwaruza, boneti ikanyanyuka, usukani ukalegea mikononi. Upepo haupo. Sasa kinachokandamiza ni nini?

Harufu ya matope ya mto ikaingia, na vioo vimefungwa.

"Umepakia nini nyuma?" Mwasiti akanong'ona.

Mustafa akatazama kioo. Hakuona mtu. Spoila tu, inachuruzika maji, na yeye aliikausha kwa kitambaa kabla hawajatoka gereji.

Akampigia Ilda simu.

"Umeosha?" Ilda akauliza. "Gari lilikuwa la kaka yangu Nelio. Alizama mtoni, pale kivukoni Kilambo. Kwa unga ule tulimwomba atulie. Usisimame, fundi. Ukisimama anashuka, na hapendi kurudi peke yake."

Jamani! Mustafa akakanyaga mafuta. Gari likatulia kidogo. Wakapita Mahurunga, Mwasiti akageuza shingo kuitazama njia ya kwa mama yake, akaanza kulia. Mustafa naye alitaka kulia. Kugeuza gari ni lazima apunguze mwendo, na kupunguza hathubutu. Mbele ni Kilambo, na pale barabara inaishia majini.

Lami ikaisha. Vumbi, mashimo, chini kunagonga... Taa zikamulika maji mapana. Mustafa akaushika mkono wa mkewe kwa nguvu, akakanyaga breki. Hakuwa na namna.

Kimya.

Nyuma kukanyanyuka polepole, springi zikalia. Kitu kimeshuka. Nyayo zenye maji, chap... chap... zikapita upande wa kushoto, zikasimama mlangoni kwa Mwasiti.

Mlango haukufunguka. Nyayo zikarudi zilikotoka.

Spoila ikadidimia.

Halafu ikadidimia tena.

Mustafa hakuthubutu kugeuka. Mkono wa mkewe ulikuwa bado umo kiganjani mwake, akamshukuru Mungu.

"Mama Asadi?"

"Abee," akajibu kwa upole. Machozi yalikuwa yameshakauka. "Twende nyumbani."

Fundi hulijua gari kwa makalio. Mustafa alilihisi lote pale alipokaa: nyuma kumelemewa na watu wawili, na kushoto, alipokaa Mwasiti akimtazama, gari limenyanyuka kama kiti kile hakina mtu.