Kori Nane na Mbuzi wa Ntheo

Soko la Kitui lilikuwa limefurika siku Mbithe alipogongwa bega na kompyuta. Aliyeibeba alikuwa kijana mrefu, shati lake la drafti limelowa jasho mgongo mzima.

"Pole, dada! Nimekuumiza?"

"Umenichafulia nguo." Na kweli, gauni lake la njano la kanisani lilikuwa na mstari wa vumbi. "Hiyo mashine unaikimbiza wapi?"

"Kwa chuo. Iko na kori nane, kama bongo nane zikifanya kazi pamoja. Tunaanza course ya parallel programming."

"Ati? Si hata mimi nimejiandikisha huko!"

"Basi utanichukia ukiwa karibu," alisema yule kijana, Kivuva, akicheka.

Hakumchukia hata kidogo. Mvua za Novemba zilipoanza walikuwa wakiitana mpenzi kwenye simu, na kugombana juu ya code kama watu waliooana zamani. Mradi wao ulikuwa mmoja, programu ya kujumlisha vipimo vya mvua kutoka Kanyangi hadi Mukuyuni. Kazi iligawiwa kori zote, kila moja ikiongeza vipimo vyake kwenye jumla ile ile, katika memori ile ile. Kivuva naye alikuwa ameshamwomba uncle Mutie apeleke mbuzi wa ntheo kwa kina Mbithe, Jumamosi baada ya mtihani. Bila mbuzi hao, kwa Wakamba, hakuna posa wala mahari ya kuzungumzwa. Mbithe alikuwa akihesabu siku kwa furaha na hofu.

Ikafika siku ya majaribio. Kwenye laptop ya Mbithe jibu lilikuwa sawa kila mara. Kwenye mashine ya chuo, mbele ya darasa zima na Madam Ndila, mwalimu wao, likatoka jibu jingine. Akaendesha programu tena, likatoka jingine kabisa. Password ya code walikuwa nayo wawili tu.

"Umegusa code?" akamuuliza Kivuva.

"Sijagusa kitu, sweetie."

"Usiniite sweetie! Nyumbani inafanya vizuri. Umeiharibu ndio madam aone ni wewe unajua."

Kivuva akachukua jaketi lake, akatoka.

Simu yake haikushikwa siku ile wala iliyofuata. Mbithe aliketi chumbani. Simu iliyolia ilikuwa ya mama yake, kutoka Kanyangi.

"Mbithe, wageni wanakuja ama hawaji? Nimeshaazima viti vya kanisa."

"Wanakuja, mama," alidanganya.

Alirudi kwenye laptop kwa sababu hakuwa na la kufanya. Ilikuwa kuukuu, ikipata joto inazima, kwa hivyo siku zote aliiruhusu kutumia kori moja tu. Leo akaielekezea feni, akaziachia kori zote. Jibu likabadilika. Akarudia, likabadilika tena. Na hii laptop Kivuva hakuwahi kuigusa! Kori moja ilikuwa ikisoma jumla, na kabla haijaandika, nyingine ilisoma ile ile ya zamani, basi iliyoandika mwisho ikafuta kazi ya mwenzake. Kufuli ya kuzifanya zisubiriane ilikuwa kazi ya Mbithe, naye alisahau kuiweka. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Ijumaa, siku ya mtihani, Kivuva alikaa kiti cha nyuma bila kumtazama.

"Kabla sijaanza," alisema Mbithe, akisimama mbele ya darasa, "kosa lilikuwa langu. Kivuva hakuharibu kitu. Nilimwaibisha hapa, kwa hivyo nataka kumwomba msamaha hapa hapa."

Akaendesha programu, kufuli ikiwa mahali pake. Jibu likawa lile lile kila mara. Madam Ndila aliandika alama, lakini Mbithe hakuuliza ni ngapi. Alikuwa amemkimbilia Kivuva nje.

"Niliogopa kufeli nikakurushia makosa. Nakupenda, Kivuva. Nisamehe."

"Iliniuma, Mbithe. Wamenicheka mpaka sokoni." Akashusha pumzi. "Nimekusamehe. Lakini nilishaambia uncle asikuje kesho."

Kivuva akabonyeza namba, akampa simu.

"Mimi siwezi kumgeuza mara ya pili. Jaribu wewe."

Msichana kuita mbuzi wake mwenyewe! Tangu lini? Lakini simu ilikuwa imeshashikwa.

"Ni nani?"

"Ni Mbithe, uncle. Wa Kanyangi."

"Yule mwenye alisema mtoto wetu ameharibu kazi yake?"

"Ndio mimi. Nilikosea, na nimesema mbele ya wote. Naomba mkuje kesho."

Mbuzi walilia upande wa pili.

"Hizi mbuzi nimeshafungulia," mzee alinung'unika. "Sasa nikimbizane nazo tena na hii goti?"

"Tafadhali, uncle."

"Haya. Mwambie mama yako mahindi na maharagwe ya isyo ayachemshe mpaka yalainike. Meno yangu yamebaki kidogo."