Muunganisho Usio na Anwani

Simu ilikuwa nzima, lakini maneno ya msichana wa mapokezi yaliwafikia wateja yakiwa nusu. Asubuhi alisema "habari za leo" vizuri. Kufikia mchana ilikuwa imebaki "habari" peke yake, tena kwa mkwaruzo. Na chumba cha mitambo nyuma ya meza yake kilinuka nywele zilizoungua.

"Kaka, humo ndani kuna kitu," alimnong'oneza kaka yake, fundi wa mtandao ambaye ofisi nzima ilimwita Mjuaji. "Kinanivuta sauti. Nikisema neno, nakisikia kinameza."

"Nyinyi bwana! Panya akikohoa, mnatafuta mganga."

Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa debe linalolipwa mshahara. Mjuaji aliingia kwenye kompyuta ya Linux iliyopitisha simu na intaneti ya ofisi, akaiamuru ipime kila muunganisho peke yake: kilichotoka na kilichoingia. Yote ilionyesha anwani ya upande wa pili, isipokuwa mmoja. Huo ulitoa tu, haukupokea kitu, na penye anwani palikuwa patupu.

"Umekiona?" akauliza mdogo wake. Namba ya kilichotoka ikapanda. Aliponyamaza, ikasimama.

Mjuaji aliona. Zumbukuku huyu aliona kwa macho yake mawili!

"Ukate, kaka. Nakuomba."

"Ngoja kwanza. Nataka ushahidi, niwaumbue wote wanaoimba jini, jini. Wewe endelea kuongea, mimi napima."

Kaka ni kaka, basi binti akatii. Akataja siku za juma, akataja ndugu zao, akataja jina la mama, na kila neno likatoka jembamba kuliko lililotangulia, huku namba ikikimbia na ile harufu ikizidi kukaba koo, mpaka midomo ikawa inacheza bila kutoa hata mnong'ono, naye akamshika kaka yake shati kwa mikono miwili, akimtikisa.

Ndipo Mjuaji akaukata. Muunganisho ukafutika. Harufu ikaisha. Akashusha pumzi, akaanza hata kutabasamu, mpumbavu yule.

Ukarudi wenyewe. Safari hii hautoi. Unapokea.

Mdogo wake akafumbua kinywa. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee wa kiume, tulivu, yenye adabu zote:

"Nyumbani kwenu mko wangapi?"