Mikate ya Choroko ya Dada Hsiu-yun

Maiti ya mfungwa Liao Kuo-jui ilikuwa ya manjano, utadhani imepakwa bizari. Macho manjano, kucha manjano. Siku ya wageni alikula chakula alicholetewa na dada yake. Kesho yake akakojoa mkojo mweusi kama kahawa. Sasa amelala juu ya meza ya chuma, na Inspekta Chiu anamzunguka kama mnunuzi asiyeamini mizani.

"Sumu?"

"Sumu hamna," alijibu Daktari Fang, mpasuaji maiti. "Chembe nyekundu za damu zimepasuka. Alikuwa na ile kasoro ya damu ya kurithi. Mtu wa namna hii akila maharagwe mapana, damu inajimaliza yenyewe. Mimi na wewe tungekula sahani nzima tukacheua tu."

"Kwa hiyo ameuawa na maharagwe."

"Na aliyempa, Inspekta. Maharagwe hayatembei."

Askari jela Teng alikuwa ameshavuliwa mkanda na kuwekwa chini ya ulinzi. Kazi yake ilikuwa kukagua vyakula vya wageni, na gereza zima lilikuwa limeshakata shauri: Teng kahongwa. Kesho angefunguliwa mashtaka, kisha atupwe selo moja na watu aliokuwa akiwafungia milango. Lo, wangemla nyama!

"Ulikagua nini?" Chiu alimwuliza.

"Nyama niliikatakata. Samaki nikamtoa miiba. Supu nikairudisha, supu hairuhusiwi. Mikate ya mvuke nikaipasua mmoja mmoja. Sindano hamna, dawa hamna."

"Ndani ya mikate?"

"Kitu kijani kimepondwa. Nikamwuliza yule mama, 'Haya si maharagwe mapana? Zahanati imetuonya, nduguyo hayali.' Akanicheka. 'We mwanangu, mimi ndiye niliyemlea, leo nije nimuue? Choroko hizi.'"

"Ukamwamini?"

"Dada yake wa tumbo moja, Afande! Wewe usingemwamini?"

"Mimi simwamini hata anayenipikia chai nyumbani."

Teng akainamisha kichwa. Machozi yalimlengalenga, lakini Chiu hakuyatilia maanani. Wenye hatia nao hulia.

Bahati ikawa upande wa ulafi. Marehemu aligawana mikate na wenzake wa selo, kama desturi yao, na mmoja wao alikuwa ameuficha wake chini ya blanketi aufaidi baadaye peke yake. Chiu aliupeleka maabara. Jibu likarudi: hakuna hata chembe ya choroko. Maharagwe mapana matupu.

Ila Chiu hakuridhika. Muuzaji sokoni huweza kukosea. Ndipo akaomba rekodi za chumba cha wageni, maana mgeni na mfungwa huzungumza kwa simu huku kioo kiko katikati, na kila neno huhifadhiwa. Akasikiliza ya ziara iliyotangulia ile ya mikate.

"Dada," sauti ya marehemu ilisema, "Jumatatu itakayofuata ziara yako ijayo, naingia kwa mkuu wa gereza. Kuna jambo la Po-han limenikaa rohoni."

"Jambo gani?"

"Si la kusema leo. Utalijua mwenyewe."

Kisha dada kwa sauti ndogo: "Umeshamwambia mtu?"

"Bado."

Po-han alikuwa mwana pekee wa Hsiu-yun, dada huyo. Na Kuo-jui alifungwa kwa kumgonga msichana wa shule kwa gari akakimbia. Chiu alikwenda kwa msimamizi wa karakana ya gereza, ambaye wafungwa humweleza shida zao kwanza kabla ya kumwona mkuu. Alipotoka huko uso ulikuwa umemshuka.

Hsiu-yun aliletwa kutoka kwake Meinung akiwa na kipande cha gunia cha matanga kimebanwa begani.

"Pole na msiba, dada."

"Asante, Afande. Yule askari mmemfunga?"

"Mikate ilikuwa ya nini?"

"Choroko."

"Maabara inasema maharagwe mapana."

Hakupepesa jicho. "Basi muuzaji kanipunja. Nilinunua yameshapondwa."

"Wewe? Majirani wanasema tangu utotoni ulikuwa ukimtia nduguyo kidole kooni akimeza hata punje moja. Leo ununue kilichopondwa na mtu usiyemjua?"

"Uzee, Afande. Macho hayaoni."

"Haya, nenda nyumbani." Mama yule akainuka upesi. "Ila mwambie Po-han aje. Nataka kujua ni jambo lake gani lililomkaa mjombake rohoni."

Hsiu-yun akaketi tena.

"Mwanangu mwacheni."

"Kwa nini?"

"Anaoa mwezi huu. Mwacheni, nakuomba!"

"Nani alikuwa anaendesha lile gari, dada?"

Alilia kwanza. Chiu akamwacha alie.

"Po-han," alisema mwishowe. "Alikuwa amelewa. Kuo-jui hakuwa na mke wala mtoto. Nilimpigia magoti abebe yeye, akakubali bila kuninung'unikia. Kisha ananiambia anakwenda kwa mkuu! Nikajua amechoka, anataka kusema. Ningemwuliza vipi na simu inarekodiwa? Nilitaka augue tu, Jumatatu impite, nipate kumbembeleza. Lakini nilitia mengi. Nilikuwa naijaza mikate, mkono unaendelea tu, Afande. Nilijua ni mengi."

Chiu alisita. Mtu mwingine angenyamaza, lakini mahakamani angelisikia tu, na heri alisikie hapa.

"Kuo-jui alichonga sinia la mbao kule karakana. La chai ya harusi, la bibi harusi kuwaandalia wazee. Alikuwa anakwenda kuomba ruhusa ya kukukabidhi siku ya wageni. Alitaka iwe siri, akushtukize."

"Sinia?"

"Sinia."

"Sinia tu?"

"Sinia tu, dada."

Alijishika mdomo kwa mikono miwili, na ile sauti iliyomtoka ikamfanya hata mwandishi wa maelezo aweke kalamu chini.

Chiu aliamuru Teng arudishiwe mkanda wake. Kisha akatuma askari wawili mjini. Walimkuta Po-han kwa mshonaji, anapimwa suti ya harusi. Hakuuliza wamefuata nini. Alivua koti taratibu, akamrudishia fundi, akanyoosha mikono.