Ramani Nambari Moja

"Sindano, unanisikia?" mwenzake aliuliza kwenye redio.

"Nakusikia."

"Ramani ifike mahakamani kabla ya saa nane. Jaji hamsubiri mtu."

"Sawa."

Tangu amzike baba yake Jumanne, Sindano hakuwa na maneno ya ziada. Moyo ulikuwa umeshikwa na ganzi.

Alimaliza ngazi za hoteli mbio, bastola ya Glock mkononi, akaupiga mlango teke.

Wakala wa kampuni ya kigeni alikuwa dirishani. Kampuni yake ilitaka kuimeza chemchemi ya mji mzima. Kilichowazuia ni ramani moja kuukuu ya Chama cha Historia, iliyoonyesha kuwa chemchemi iko ndani ya mpaka wa mji, nayo iliibwa jana.

Mezani zilikuwepo mbili.

Sawa kwa sawa, hadi doa la chai. Tofauti ni mstari wa mpaka tu.

"Aliyejua mstari wa kweli mmemzika Jumanne," wakala alisema, mikono juu, anacheka. "Chagua, dada."

Lo, jeuri hiyo!

Sindano alimburuta hadi bafuni, akamfunga pingu kwenye bomba la maji, akarudi mezani. Saa saba na dakika arobaini. Alizigeuza ramani zote mbili. Nyuma, pembeni, kila moja ilikuwa na namba 1 nyekundu.

Baba yake, mpima ardhi, ndiye aliyeanzisha chama, kwenye stoo ya unga ya rafiki yake mwoka mikate. Walikusanya pasi za mkaa, vyungu, barua, kila kitu na namba yake. Wino haukushika kwenye chuma, basi akaandika namba kwa rangi ya kucha ya mkewe. Akanogewa, akaandika hata kwenye karatasi. Wasomi walimcheka. Sindano, akiwa na miaka sita, ndiye aliyemshikia kichupa.

Alikwaruza namba ya kwanza. Laini. Wino.

Akakwaruza ya pili. Ikabanduka kipande.

"Umeula wa chuya, kaka."

"Umejuaje?"

"Rangi ya kucha. Ya mama."

Redio ilikoroma. "Sindano, ipo?"

"Ipo. Na mtu mnayemtafuta yuko bafuni, njooni mumchukue."

"Safi! Mzee angefurahi."

Alingoja ahisi kitu. Hakuhisi. Hata hilo lilimchosha.

Saa nane kasoro dakika tatu, Yamaha yake ilisimama mbele ya mahakama. Katibu wa chama, bibi aliyefanya kazi na baba yake miaka thelathini, aliipokea ramani, akaigeuza kwanza kabla ya kitu kingine.

"Mwanangu! Umeichubua namba yake."

"Samahani, Mama."

"Angekugombeza huyo! Siku nzima!"

"Angenigombeza," Sindano alisema.

Bibi akaingia ndani na ramani. Mlango ukafungwa.

Sindano alivaa miwani ya jua, akashuka ngazi taratibu. Chini ya ukucha wake kilibaki kipande chekundu, kidogo kuliko punje ya mchele.

Hakulia. Aliufumba tu mkono ule kisidondoke, akaisukuma pikipiki kwa mkono mmoja hadi nyumbani.