Pointi za Watu Wawili

Siku waliyokutana, yeye alidhani anatapeliwa.

Ilikuwa mwisho wa mwezi na supamaketi ilikuwa imefurika mpaka mlangoni, kila mtu na toroli lake na haraka zake. Alikuwa kwenye foleni ya tatu, gauni la bluu limemkaa vizuri kiunoni, viganja vimeshika weupe wa plasta usiotoka hata kwa sabuni ya kufulia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia kwenye maabara ya kliniki, na ndugu na majirani wote walimwita Fundi Meno.

"Dada, samahani," sauti ilisema nyuma yake. "Naomba nikulipie."

Aligeuka. Mwanamume mrefu, ovaroli ya kijivu, bisibisi mfukoni, na tabasamu la mtu asiyejua kwamba anafanana na mwizi.

"Unilipie kwa nini? Umeona nina shida?"

"Hapana. Mimi nalipa kwa kadi, wewe unanipa hizo taslimu ulizoshika. Hela yako ni ileile. Mimi napata pointi."

"Pointi za nini? Tunacheza mpira hapa?"

Foleni nzima ilicheka, naye akacheka nao. "Kila nikilipa kwa kadi, benki inaniwekea pointi. Zikifika nyingi wananipa tiketi ya ndege bure. Mimi ni fundi wa lifti, dada. Kutwa kucha kazi yangu ni kupandisha watu, lakini mwenyewe sijawahi kupita ghorofa ya ishirini na mbili."

"Mwache akulipie, binti," mama mmoja alifoka kutoka nyuma, "tupate kwenda nyumbani!"

Alikubali. Alishikilia noti zake mpaka risiti ilipotoka, ndipo akaziachia, tena moja moja.

"Na kwenye hiyo ndege utakaa na nani?" aliuliza. Mpaka leo hajui mdomo ule aliutoa wapi.

"Abiria bado hajapatikana," Fundi Lifti alijibu, akimbebea mfuko. "Lakini leo nina matumaini."

Tangu jioni ile akawa anamwita Abiria, na haukupita mwezi kabla hajampeleka kwa mama yake.

Walipendana kwa kulipia watu. Dada yake Fundi Meno alipobadilisha matairi ya gari, Fundi Lifti alikuwa pale na kadi yake. Jirani alinunua friji, mhasibu wa kliniki alinunua makochi, wote walimpa taslimu naye akalipa kwa kadi, na kesho yake asubuhi alikuwa benki kurudisha kila senti kabla hawajaanza kumtoza riba. Watu walimcheka. Yeye aliwaambia haba na haba hujaza kibaba. Mahali pa kwenda walishapachagua kwenye kalenda ya ukutani pale maabara: mji mdogo wenye ziwa, na nyuma yake milima yenye theluji.

"Twende basi hata karibu," Fundi Meno alimwambia kwenye simu mwaka wa pili ulipokatika. "Pointi tulizonazo zinatosha kwenda karibu."

"Karibu tutakwenda kwa miguu, mpenzi wangu. Subiri kidogo. Nikikufikisha kule kwenye theluji nina swali la kukuuliza."

"Niulize hapahapa."

"Hapa kuna joto. Utajibu kwa hasira."

"Na nikizeeka nikikusubiri?"

"Meno ya bandia si unatengeneza mwenyewe? Utazeeka na tabasamu zuri."

Alimtukana kwa mapenzi, akakata simu, akabaki anacheka peke yake mbele ya taya la plasta. Swali lenyewe alilijua, na jibu alikuwa nalo tangu zamani. Hakutaka kitu kingine duniani kuliko kuulizwa swali lile, na mtu yule.

Fundi Lifti alimpa hata neno la siri la akaunti, kwa sababu viti vya pointi ni vichache, ndege nzima wanaweza kutoa vinne tu, na lazima mtu awe anachungulia kila siku. Kila asubuhi saa nne, kabla ya chai, Fundi Meno alifungua akaunti kwenye simu na kutazama. Pembeni ya viti vya ndege palikuwa na ukurasa wa zawadi: pasi, mashine za kusagia juisi, seti za sufuria. Fundi Lifti hakuupenda ukurasa ule. "Huko ndiko pointi zinakokwenda kufa," alikuwa akisema. "Pointi za ndege nzima wanakupa feni."

Mwaka wa tatu, benki ilitangaza kwamba kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao pointi zitashushwa thamani. Safari iliyohitaji elfu themanini ingehitaji laki na ishirini. Wao walikuwa na elfu sabini na moja na wiki mbili mkononi.

Hapo ndipo Fundi Lifti alipobadilika. Simu yake ikawa haipatikani. Akimpata, anaongea kwa kunong'ona.

"Uko wapi?"

"Nina shughuli kidogo, mpenzi. Siku mbili hizi usiniulize. Utafurahi mwenyewe."

Mwanamke akiambiwa usiulize, ndipo anapoanza kutafuta. Asubuhi ya Alhamisi Fundi Meno alifungua akaunti na kukuta pointi zimepanda zaidi ya elfu tisa kwa mkupuo. Alitaka kushangilia. Kisha akasoma zilikotoka. Duka la nguo za wanawake. Saluni. Na hoteli kubwa ya kule mjini juu: chumba cha watu wawili, usiku tatu, kuanzia jana.

Alisoma mara nne. Kisha akampigia dada yake.

"Labda amemlipia mtu," alisema, na sauti yake mwenyewe haikumwamini.

"Matairi mtu analipiwa," dada yake alijibu. "Makochi analipiwa. Lakini gauni, saluni na kitanda? Mdogo wangu, mwanamume hanunui gauni lisilo na kiuno ndani yake. Piga hotelini, uliza."

Alipiga, akataja jina la Fundi Lifti. Dada wa mapokezi alikuwa na adabu zote. "Ndiyo, chumba kimeandikwa kwa jina hilo. Bwana na bibi waliingia jana jioni. Wameomba wasisumbuliwe."

Bwana na bibi. Alimpigia Fundi Lifti, simu ikaita sana, ikapokewa katikati ya kelele za vyuma. "Mpenzi, siwezi kuongea sasa, nitakupigia," na ikakatika.

Alisubiri. Alikaa kwenye kiti chake kirefu, mbele yake meno kumi na nne ya mzee mmoja yakisubiri kung'arishwa, akaitazama simu. Haikulia. Machozi yalimjaa, kisha yakakauka, na mahali pake pakaja hasira, ile hasira baridi inayomfanya mtu ajione ana akili kuliko siku zote.

Alifungua ukurasa wa zawadi. Alichagua pasi. Alichagua seti mbili za sufuria, mashine tatu za juisi, feni nne, na birika la umeme. Alichagua kama mtu anayefanya manunuzi ya harusi, mpaka pointi za miaka mitatu zikabaki elfu moja na ushee. Akabonyeza kukubali. Moyo ukatulia kwa dakika tano hivi.

Saa kumi simu ililia.

"Abiria!" Fundi Lifti alikuwa anahema. "Umeingia kwenye akaunti? Tumeibiwa. Pointi zote zimekwenda! Nimefungua nishike viti, nakuta hakuna kitu."

Yeye aliweka chini yale meno ya mzee.

"Usilie, mpenzi. Sikiliza. Nimeshapiga benki, wanafuatilia. Hawa wezi watakamatwa. Wewe kunywa maji, tulia, nakuja. Usilie."

Kubembelezwa kule kulimchoma kuliko kama angetukanwa. "Hakuna mwizi," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyezitumia. Kamwambie huyo bibi yako wa hotelini. Mtapata sufuria za kuanzia maisha."

"Bibi gani wa..." Alianza kucheka, kicheko kile cha kwenye foleni. "Mke wa msaidizi wangu? Wameoana jana! Gauni, saluni, fungate, vyote amenipa taslimu, mimi nikalipa kwa kadi tuiwahi tarehe. Tulifika elfu themanini, Abiria. Tulifika leo! Mimi niko hospitali tangu alfajiri, lifti ya wagonjwa imekwama, niko ndani ya shimo, sina hata..."

Kicheko kilikatika katikati. Alimsikia akivuta pumzi.

"Umesema umezitumia zote?"

"Zote."

Benki ilisema zawadi zikishaagizwa hazirudi kuwa pointi. Jumanne maboksi kumi na moja yalifika chumbani kwa Fundi Lifti, yakapangwa kuanzia kitandani mpaka mlangoni, na Fundi Meno alipokuja kuomba radhi hapakuwa na mahali pa kupiga magoti. Alisimama kati ya feni na sufuria, macho yamevimba, kitambaa kichwani kimemkaa upande.

"Nisamehe. Hasira hasara, nimeiona kwa macho yangu. Tutakusanya tena. Mimi mwenyewe nitakusanya."

"Sina hasira ya pointi," alisema. Alikuwa amekaa juu ya boksi, ovaroli hajaivua. "Ulimpigia dada yako. Ukapiga hotelini. Mimi ulinipigia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Nikakwambia nitakupigia. Ulisubiri muda gani?"

Alitaka kudanganya, akashindwa. "Dakika arobaini."

Fundi Lifti alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa nakusanya kwa miaka mitatu."

"Na mimi nilisubiri miaka hiyohiyo! Nilikwambia niulize hapahapa, ukakataa. Ungeniuliza siku ile, ningekuwa mkeo, na mke angekufuata huko hospitali akakutukana, yakaisha!"

"Labda," alisema, na hilo lilimgusa, kwa sababu aliinamisha uso. "Lakini ulijua kule ndiko zinakokwenda kufa. Hukuzitumia kwa bahati mbaya. Ulizipeleka huko ukijua. Kila nikikutazama nitakuwa naliona hilo, na sitaki nikutazame hivyo."

Alilia, akamshika mkono, akamwita majina yote waliyokuwa wakiitana. Fundi Lifti alimwacha amshike. Kisha alisimama, akasogeza maboksi mawili ili apate njia ya kupita, na hapo Fundi Meno akajua yamekwisha. Baada ya miezi miwili alisikia kwamba amehamia mji mwingine, kwenye kampuni inayojenga maghorofa.

Majuto ni mjukuu, na wake alimlea vizuri. Alichukua kadi benki, akaanza kusimama kwenye foleni za supamaketi na kuwaambia watu asiowajua, "Kaka, samahani, naomba nikulipie." Wengine walimkimbia. Mmoja alimwitia mlinzi. Alilipia dawa za meno za kliniki nzima, rangi ya nyumba ya shemeji yake, betri za watu. Dada yake alimfokea: "Unamkusanyia mtu asiyekuuliza hata hali!" Alijibu kwamba ni kurudisha alichoharibu, basi. Lakini alikusanya za watu wawili. Ilimchukua miaka minne badala ya miwili, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akijizoeza maneno ya kumwambia.

Zilipotimia, alimpigia, mchana, baada ya kufunga mlango wa maabara.

"Ni mimi," alisema.

"Najua." Sauti ilikuwa ileile. "Namba yako sijaifuta. Hujambo?"

"Sijambo. Nina pointi zako. Ninachohitaji ni jina lako kamili na pasipoti."

"Hukuhitaji kunirudishia. Nilishakusamehe siku nyingi. Kweli kabisa."

"Basi chukua, ili na mimi nipumzike."

"Siwezi kwenda peke yangu," alisema kwa upole, kama mtu anayeshusha mzigo usivunjike. "Nimeoa. Mwaka jana."

Maneno yote aliyoyazoeza yalimtoka kichwani. Alishika ukingo wa meza, akapiga moyo konde.

"Zinatosha wawili."

"Wawili? Huyo wa pili ulikuwa unamkusanyia nani?"

"Hakuna mtu. Benki walikuwa na ofa, kiti cha pili bure."

Fundi Lifti, aliyejua ofa zote za benki zote, alijua hakuna ofa ya namna hiyo.

"Ahsante," alisema hatimaye.

Kwa mbali sauti ya mwanamke iliuliza ni nani. "Mtu wa zile pointi za ndege," alisikika akijibu. Kukawa na kelele ya furaha, simu ikabadilishwa mkono.

"Dada, kweli jamani? Sisi?" Sauti ilikuwa changa, nzuri, haina ubaya wowote. "Ngoja nikusomee pasipoti yangu. Uko tayari?"

"Niko tayari."

Alisomewa jina, akaliandika herufi moja moja, na jina la pili lilikuwa la Fundi Lifti. Akaandika tarehe ya kuzaliwa. Akaandika namba.

"Na nakuomba, dada yangu, mimi mwoga wa ndege. Usitutenganishe."

"Sitawatenganisha," alisema Fundi Meno. "Viti viko pamoja."

"Mungu akubariki. Nyinyi watu wa benki leo mmefanya jambo."

"Karibu sana," alijibu, kwa sauti nzuri ya mtu wa benki, akawatakia safari njema. Alikata simu, akakaa chini sakafuni pale maabara, akalia mpaka watu wa kliniki wakaja kugonga mlango.