Viatu vya Kwendea Mahakamani

Aliyekutwa na haya ni rafiki yangu, dereva wa lori; mpaka leo akisimulia hanitazami usoni.

Yeye na fundi viatu waliliona genge likimuua mlinzi, wakaahidiana kutoa ushahidi pamoja. Fundi akamtilia hata viatu soli mpya kwa siku hiyo. Siku ilipofika, dereva alijifungia chumbani. "Nitaendaje mahakamani na viatu viko kwa fundi?" alimwambia mkewe. Fundi alikwenda peke yake. Hakumaliza wiki, wakamuua.

Miezi ikapita, mjane wa fundi akamwambia dereva, "Shemeji, kachukue viatu vyako."

Kibanda cha fundi kilikuwa na giza. Nyundo iligonga mara tatu, kama alivyozoea marehemu, kisha kimya. Dereva alipapasa rafu mpaka akavishika. Juu vilijaa vumbi. Ndani vilikuwa na joto na jasho, kana kwamba mtu amevivua sasa hivi.