Jiwe Alilolichemsha Rabiata

"Umempa nini dada yangu?" Oumouri alimkaba shati shemeji yake, Mikidache, palepale kwenye korido ya hospitali, Mahajanga, Madagaska.

"Wallahi sijampa kitu! Nimerudi leo kutoka kazini, kisiwani Nosy Be, nimemkuta sakafuni!"

Ndani, Rabiata alikuwa anahemea oksijeni. Asubuhi alikuwa mzima kabisa, anaimba jikoni. Daktari Bahia akatoka mbio.

"Amekula nini? Nisipojua, tutampoteza!"

Mlango ulikuwa wazi; Rabiata alisikia, akaisogeza barakoa ajibu.

"Sijala kitu... Nilichemsha jiwe."

"Jiwe gani?"

"La kwenye akwariamu ya mume wangu. Lile la zoantidi, matumbawe ya rangi rangi. Yalikuwa yamefunga, nikadhani yamekufa. Nikalichemsha sufuriani nilisugue. Nilitaka akirudi alikute safi."

Jamani! Hata hakuyapenda yale madudu. Alimpenda mwenye nayo.

Mikidache alishika kichwa.

"Umechemsha zoantidi? Ndani ya nyumba? Mvuke wake ni sumu, Rabiata!"

"Sumu gani?" daktari alimkatiza.

"Jina limenitoka... Liko hapa, niliandika mwenyewe!"

Akafungua ujumbe kwenye simu, akampa. Daktari akausoma kwa sauti, harakaharaka:

"Zoantidi hii ina palitoksini. Vaa glovu na miwani kila ukikata kipande. Jiwe usilichemshe hata siku moja, mvuke wake unaua. Niahidi, Nadjma wangu. Ukidhurika wewe, huku Nosy Be nitalala kwa nani?"

Daktari akamrudishia simu bila kumtazama, akaingia ndani kuita wauguzi. Oumouri aliliachia shati.

Siku ya tatu Rabiata aliweza kukaa kitandani. Kaka yake alikuwa pembeni. Mikidache alisimama mlangoni, macho mekundu.

"Ujumbe ule uliuandika lini?" Rabiata alimuuliza.

"Mwezi wa tatu. Nisamehe mke wangu, mambo ya Nadjma yalitokea tu..."

"Sijakuuliza habari za Nadjma. Tangi lina miaka miwili sebuleni kwangu. Nafuta vioo, naingiza mikono mitupu. Mimi mbona hukuniambia?"

Mikidache akasogea hatua moja ndani.

"Niliogopa. Ungejua yana sumu, usingekubali yaingie ndani."

Rabiata alihisi kifua kinambana upya, na safari hii haikuwa sumu. Mtu aliyelala naye kitanda kimoja alikuwa amepima uhai wake na matumbawe, akachagua matumbawe.

"Rabiata, nakupenda. Si nilitoa simu yangu mwenyewe? Nilijua itaniumbua, nikaitoa!"

"Ulitoa, na Mungu akulipe. Lakini mimi ulinikumbuka nikiwa nakata roho. Yeye ulimkumbuka akiwa mzima."

"Tuzungumze nyumbani, basi."

"Nyumbani kwa nani? Nyumba ile baba alinijengea mimi, kama anavyojengewa kila binti kwetu. Wewe uliingia na sanduku na tangi. Kesho kutwa natoka hospitali. Nisivikute."